Binti yangu analia kila usiku kutoka Ujerumani. Nimtumie tiketi?

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi South B. Kifungua mimba wangu anasomea ualimu, Kiswahili na Historia, mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi. Mwaka huu alichaguliwa katika mpango wa kubadilishana wanafunzi, akapelekwa muhula mmoja Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Aliondoka mwishoni mwa Septemba. Siku ya safari tulijaza matatu nzima kumsindikiza uwanja wa ndege. Kanisani alisimamishwa mbele akaombewa, na wenzangu wa chama wakamnunulia koti na sanduku.

Mwanzoni zilikuwa picha tu. Ngome juu ya kilima, nyumba za kale ambazo mbao zake zinaonekana ukutani, mto, uwanja wa soko uliotandazwa mawe. Nilizituma katika kila kikundi cha WhatsApp nilichomo. Kisha huko kwao saa zikarudishwa nyuma, baridi ikaingia, na picha zikakatika. Sasa ni simu, na simu zenyewe ni kilio.

Hunipigia saa nne usiku za kwao, ambayo kwetu ni saa sita. Tunaongea hadi saa nane, na kuna siku ananiomba nisikate hata akishasinzia. Anasema mji ni mdogo, ukiuzunguka mara moja umeumaliza. Jumapili maduka yote yamefungwa, huwezi kupata hata maziwa. Ikifika saa kumi na nusu jioni, giza. Wanafunzi wenzake hawana ubaya, ila kila mtu anatembea na kalenda yake. Kunywa kahawa pamoja mpaka mpangiane wiki ijayo. Huyu ni mtoto aliyekuwa akiimba kwaya, nyumba yetu haikukosa wenzake siku hata moja.

Anakaa katika nyumba ya zamani katikati ya mji, yeye na wasichana wawili Wajerumani, kila mmoja na chumba chake, jiko ni moja. Chini yao anaishi mzee ambaye hugonga dari kwa mpini wa ufagio tukiwa kwenye simu. Nimesikia kwa masikio yangu, ko, ko, ko! Juzi alitoka darasani akakuta kibao kimetundikwa mlangoni mwao, kimeandikwa neno la Kijerumani asilolijua. Aliona haya kuwauliza wale wasichana. Aliingia ndani akalia. Anaamini wanataka ahame.

Masomo nayo sijui. Kazi ya kwanza alipewa 2. Sikuthubutu kumuuliza mbili kati ya ngapi.

Si kwamba ana shida ya pesa. Wafadhili wanampa yuro 900 kwa mwezi, ukizigeuza ni zaidi ya shilingi 130,000, mshahara ambao mimi sijawahi kuushika. Tena Mungu ambariki, Oktoba alitutumia za karo ya mdogo wake aliye Kidato cha Tatu, na mwezi huu ameahidi kutuma tena.

Baba yake anasema arudi, mtoto hawezi kuteseka kwa ajili ya karatasi. Ameshaulizia mkopo wa sacco, maana tiketi tuliyo nayo ni ya mwisho wa Februari na kuibadilisha ni ghali. Mimi nafikiria nitawaambia nini watu wa kanisa. Dada yangu naye ananikumbusha kwamba mtu harudi kutoka Ulaya mikono mitupu. Lakini nikisikia kile kilio, hata mimi silali.

Nimwambie avumilie, au nimtumie tiketi?

Mama Kifungua Mimba, South B

*

Marahaba, mama.

Tiketi usikate bado. Na neno "vumilia" usimwambie, kwa sababu ameshavumilia vya kutosha na hakuna aliyemweleza anavumilia nini.

Kwanza kabisa, leo, tena mchana, muulize mambo machache bila kuzunguka. Analala? Anakula chakula cha kupika au anashindia mkate? Anahudhuria masomo? Kuna siku amefikiria kwamba heri asingekuwepo duniani? Akijibu ndiyo kwa hilo la mwisho, habari ya chuo, ya kanisa na ya chama iwekwe kando. Wale wasichana wa jiko moja waambiwe usiku huohuo, namba ya dharura ya huko ni 112, na mzazi mmoja aanze kupanga jinsi ya kumrudisha nyumbani. Vyuo vya Ujerumani vina washauri wa kisaikolojia kwa ajili ya wanafunzi, na kuwaona si aibu wala hakuandikwi kwenye matokeo.

Lakini katika barua yako namwona mtoto anayekwenda darasani na kufanya kazi zake. Tena anazifanya vizuri. Alama za huko zinahesabiwa kutoka 1 hadi 5, na 1 ndiyo ya juu. 4 ni ya kupita kwa taabu, 5 ni kuanguka. Binti yako amepata 2 katika kazi yake ya kwanza, kwa walimu wasiomjua, katika nchi aliyoingia juzi. Mpigie simu umpongeze, maana nadhani amekuwa akisubiri mtu amwambie hongera, na huku nyumbani kila mtu amenyamaza kwa hofu.

Sasa tuje pale ulipoandika "si kwamba ana shida ya pesa". Hapo niliiweka barua chini kwanza.

Serikali ya Ujerumani yenyewe, inapomtaka mwanafunzi wa kigeni athibitishe kwamba ataweza kujikimu, inahesabu yuro 992 kwa mwezi, yaani 11,904 kwa mwaka. Ndicho kiwango kilichowekwa Septemba 2024. Hicho si cha starehe, ni cha chini. Binti yako anapata 900. Toa kodi ya chumba katika mji wa wanafunzi ambako vyumba vinagombaniwa. Toa bima ya afya, ambayo ni lazima na inapita yuro 100 kwa mwezi. Kinachobaki ndicho cha chakula, simu, viatu vya baridi, nauli na vitabu. Na kutoka hapo ndipo alipomega karo ya Kidato cha Tatu! Wewe ndiye unayelipa karo kila muhula, unajua ni kiasi gani.

Ile hesabu ya kugeuza yuro kuwa shilingi inatudanganya wengi. Ukigeuza mshahara, geuza na kodi ya nyumba. Ukimaliza utaona kwamba mtoto mnayemhesabia laki na thelathini huenda anahesabu sarafu mbele ya rafu ya mkate. Wenzake wakisema twende Stuttgart Jumamosi, karibu saa moja kwa treni, atasema ana kazi ya kuandika. Wakisema twende tule, ameshakula. Wataacha kumwalika, si kwa ubaya, na yeye atakuambia kwamba Wajerumani ni watu wa kalenda. Sehemu ya upweke unaousikia usiku huenda ni ufukara, na hawezi kukuambia kwa sababu amekuahidi karo.

Kwa hiyo mwambie karo ya mdogo wake imekwisha kupatikana. Mhakikishe kwamba imepatikana kweli, asije akasikia vingine kutoka kwa mdogo wake. Asitume hata senti mpaka Februari. Dada yako anayesema mtu harudi mikono mitupu muulize kama huyu mtoto alikwenda kazini au shuleni. Ataleta matokeo ya muhula mzima. Vitenge na marashi vinapatikana Eastleigh.

La pili ni simu, na hapa nitasema wazi, uniwie radhi. Mwili wa binti yako uko Tübingen, lakini yeye anaishi sebuleni kwako. Hizo saa mbili za simu kila usiku ni wakati ambao wenzake wako jikoni, wanaosha vyombo na kupiga soga, na hapo ndipo urafiki wa nyumba za wanafunzi unapozaliwa. Yeye amejifungia na wewe. Asubuhi anaamka amechoka, mchana wa kule ni mfupi, ukimpita amelala ameukosa.

Yule mzee wa chini nadhani ninamwelewa. Ujerumani, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ni muda wa utulivu. Nyumba za kale kama hiyo sakafu zake ni mbao. Mtu akikohoa juu, wa chini anasikia. Na sisi watu wa Nairobi tukipigiwa kutoka nje tunapaza sauti kana kwamba umbali unavukwa kwa koo. Mzee wa watu anasikia wanawake wawili wakilia kwa lugha asiyoijua hadi saa sita za usiku za kwake. Hata mimi ningeutafuta ufagio.

Kibao cha mlangoni ni kisa kingine. Awaulize wale wasichana leo, bila haya. Kama neno lililoandikwa ni Kehrwoche, basi hakuna anayemfukuza. Waswabi, wenyeji wa sehemu hiyo ya Ujerumani, wana desturi ya miaka mingi: wapangaji hupokezana zamu ya kufagia ngazi, ujia na mbele ya nyumba, wiki kwa wiki, na kibao hutundikwa mlangoni mwa mwenye zamu. Ukimaliza, unakipeleka mlango unaofuata. Anayetakiwa kuhama hapewi zamu ya ngazi. Afagie, apige deki, kisha akaange mandazi ya iliki, ashuke na sahani kwa yule mzee amwombe radhi kwa makelele. Wale wasichana watamfundisha maneno mawili matatu ya kusema.

Sisemi kwamba kila linalomuudhi huko ni desturi asiyoijua. Kuna watu wabaya Ulaya kama walivyo huku. Mtu akimtukana kwa sababu ya rangi yake, asimeze. Aandike siku na mahali, apeleke katika ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo. Wewe nawe usimwambie azoee.

Sasa huo mji. Tübingen una wakazi kama 90,000, na wanafunzi wake ni kama 28,000. Aliyekulia katika jiji lililohesabiwa watu zaidi ya milioni 4 kwenye sensa ya 2019 ataona ni kijiji, sawa. Lakini hapo mwanafunzi si mgeni wa mji, kwa sababu karibu mtu mmoja kati ya watatu ni mwanafunzi. Chuo kilianzishwa mwaka 1477. Kepler, yule wa mwendo wa sayari, alisoma pale. Na katika ile ngome ya kwenye picha zako, jikoni mwake palipogeuzwa kuwa maabara, ndipo Friedrich Miescher alipoitenga mara ya kwanza, mwaka 1869, ile kemikali tunayoiita leo DNA.

Kuna jambo moja ambalo lingenifanya nifunge viatu kesho asubuhi kama ningekuwa yeye, mwanafunzi wa Kiswahili na Historia. Derendingen, kilichokuwa kijiji kando ya mji huo na sasa ni mtaa wake, ndiko alikozaliwa mmisionari Johann Ludwig Krapf mwaka 1810. Krapf alisoma theolojia papo hapo Tübingen. Mwaka 1844 alifika Mombasa na kabla mwaka haujaisha akawa amemzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Akahamia Rabai, akaendelea kuandika maneno ya Kiswahili. Sarufi yake ya Kiswahili, mojawapo ya zile za mwanzo kabisa kuchapishwa, ilipigwa chapa Tübingen mwaka 1850. Kamusi yake ilitoka London 1882, yeye akiwa ameshafariki mwaka mmoja nyuma. Jengo la ubalozi wa Ujerumani pale Riverside Drive, alikofuatilia binti yako viza yake, limepewa jina la Krapf huyohuyo.

Krapf simfanyi mtakatifu. Alikuja na mambo yake na wanahistoria wetu wameyajadili. Lakini binti yako amewekwa katika mji ulioichapa sarufi ya lugha anayoisomea, na inawezekana hakuna aliyemwambia. Aende maktaba ya chuo aulizie kitabu cha 1850. Amwendee mhadhiri mmoja aseme anataka kuandika kazi ya muhula juu ya jinsi Krapf alivyoyasikia maneno ya Wamijikenda na ya watu wa Mombasa. Katika darasa zima ni yeye peke yake atakayeweza kusema Krapf alikosea wapi. Hapo ndipo kalenda za wenzake zitakapoanza kumtafuta yeye.

Kalenda zenyewe asizipige vita. Mjerumani akikuandika Alhamisi saa kumi na moja, Alhamisi saa kumi na moja atakuwa pale, mvua au theluji. Kinachomfaa ni shughuli ya kila wiki isiyohitaji kupangwa upya. Kwaya ndiyo ya kwanza, kwa sababu sauti yake haihitaji Kijerumani. Wanafunzi wa Kiprotestanti na wa Kikatoliki wana jumuiya zao pale, na Jumamosi jioni kuna muziki wa kwaya na kinanda katika Stiftskirche, kanisa kubwa la mji, kuingia ni bure. Pia atafute mwenzake wa kubadilishana lugha, Kijerumani kwa Kiingereza, au hata kwa Kiswahili. Chakula cha mchana ale bwalo la wanafunzi, ni nafuu na hukai peke yako. Jua likitoka saa saba, atoke nalo. Jumamosi anunue vya Jumapili, na Jumapili asukume chapati awaite wale wasichana. Sijawahi kusikia mtu aliyekataa chapati kwa sababu ya kalenda.

Ninaloliogopa kuliko Novemba ni Krismasi. Wanafunzi wa Kijerumani hurudi kwao, mji wa wanafunzi unabaki mtupu, na tarehe 25 na 26 maduka hayafunguliwi. Usiku wa tarehe 24 ndio wao huuadhimisha nyumbani na familia. Aanze sasa hivi kuuliza: jumuiya ya kanisa itafanya nini kwa wanaobaki? Kuna mwenzake anayeweza kumkaribisha kwao? Asisubiri kualikwa. Aseme tu, "Sina pa kwenda Krismasi." Huko husemwa hivyo, na hakuna anayekuona ombaomba.

Akirudi sasa atapata nini? Wenzake hapa wanamaliza muhula, hawezi kuingia mitihani ya masomo ambayo hakuyasajili, kwa hiyo atakaa nyumbani mpaka muhula ujao. Huko mitihani mingi ni Februari. Akiondoka kabla, pointi za masomo ya muhula (credits), kwa kawaida 30, zinabaki huko. Ausome pia mkataba wa ufadhili, kwa sababu mingi humtaka anayekatiza njiani arudishe pesa.

Pamoja na hayo yote, mwambie anaweza kurudi. Mwambie wewe mwenyewe, si baba yake, maana ya baba ameshayasikia na yako ndiyo anayoyaogopa. Amejua jinsi ulivyozisambaza zile picha. Mwambie kwamba watu wa kanisa utawaeleza wewe, na hakuna deni la sala wala la koti. Nimewaona wanafunzi kadhaa waliotulia mara tu walipojua mlango wa kwao haukufungwa.

Simu iwe Jumatano na Jumapili, saa mbili usiku za Nairobi, saa kumi na mbili jioni kwake. Nusu saa inatosha, na asikie mambo ya nyumbani yasiyo na kilio: nani ameolewa, stima imepotea mara ngapi, mdogo wake ameshika namba ngapi. Siku nyingine aandike ujumbe, utausoma asubuhi. Wiki ya kwanza atalalamika, pengine utalalamika wewe zaidi yake. Katikati ya Desemba mkae wewe, baba yake na yeye mwangalie upya. Kama bado hali ni ileile, huku amekula vizuri, amelala, amejiunga na watu na hana mzigo wa karo, basi baba yake atakuwa sahihi na mimi nitamuunga mkono.

Na huo mkopo wa sacco, kama fomu imeshajazwa, msiurudishe. Uombeni wa karo ya Kidato cha Tatu.